Mwaka Ule Gari Lilipokuwa Likichemsha

Siku ya arobaini ya Mama, wageni waliotoka kijijini Chilangala walipokwisha kuondoka na masufuria ya kuazima yamerudishwa kwa wenyewe, tulibaki wachache sebuleni kwenye nyumba ya Newala, tukila mbaazi zilizobaki. Tulikuwa tumechoka, mazungumzo yakawa ya kupoteza muda tu. Binti wa kaka yangu Beno, aliyekulia Dar es Salaam, alisema ameshangaa walivyopanda upesi kutoka Masasi, lami mwanzo mwisho, wakati hadithi zote alizosikia utotoni zilikuwa za gari la Babu kukwama njiani. "Hivi lile gari lilikuwa na ugonjwa gani hasa?" akauliza. Beno akasema rejeta. Mjomba, ambaye siku hizi hasikii vizuri na huongea kwa kupaza sauti, akasema klachi. Mke wa Beno, ambaye gari lenyewe hakuliona, akasema magari ya zamani ndivyo yalivyo, ukiziba huku yanatoboka kule. Kisha wote wakanitazama mimi, kwa sababu mwaka ule mimi ndiye niliyeliendesha. Nikawaambia sikumbuki vizuri. Nakumbuka kila kitu. Ila nilikuwa na tonge mkononi, udongo wa kaburi la Mama ulikuwa bado mwekundu pale nje, na jibu la swali lile ni refu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nimerudi nyumbani kusubiri nafasi ya chuo. Masika yalikuwa yanaishia. Asubuhi moja Baba aliinama kufunga kamba za viatu aende shuleni kufundisha, akabaki ameinama vile vile. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Nilidhani anatafuta kitu chini ya kiti, nikamngoja ainuke. Aliporudishwa kutoka hospitali upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamekwisha. Sauti ilikuwapo, ilitoka kama ya mtu anayeongea ndani ya mto wa kulalia, lakini neno hakuna. Tulimhamishia sebuleni kwa sababu chumba chao kilikuwa na giza. Makochi yakatolewa barazani, kitanda kikawekwa chini ya dirisha, na kuanzia siku ile sebule ikawa na harufu ya mafuta ya nazi ambayo Mama alimsugulia mkono na mguu. Tulikula pale pale, sahani zetu magotini, ugali wa muhogo na kisamvu, Baba akilishwa uji kwanza. Nilikuwa nikimtazama Mama anavyomfuta kidevu na kurudi kwenye sahani yake bila kubadilisha uso, na mimi pia niliendelea kula. Watu wakisikia habari hizi hunipa pole na kusema lazima nililia sana. Sikulia. Mwaka ule nilikuwa kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi, anauona ni wake lakini ukiubana hausikii.

Hospitali walisema aletwe Masasi kila wiki kwa mazoezi. Beno alikuwa Dar es Salaam kazini. Mama hakuwahi kushika usukani. Mimi likizo iliyotangulia Baba alikuwa amenifundisha kwenye uwanja wa mpira wa shule, nikizunguka magoli hadi magurudumu yakachora duara kwenye nyasi. Hakuna aliyekaa akaamua kwamba mimi ndiye nitakuwa dereva. Ufunguo ulikuwa juu ya kabati la vyombo, siku ya kwanza ya mazoezi ikafika, nikauchukua.

Lilikuwa gari dogo jeupe la milango minne, ambalo Baba alilinunua kwa ofisa mmoja wa kutoka Kilimanjaro alipokuwa anahamishwa. Lilikuwa limeshazeeka kabla hatujalipata. Viti vya mbele vilikuwa vimebonyea, na mlango wa nyuma ulifunguka kwa nje tu. Barabara wakati huo ilikuwa vumbi na mawe, na kwenye mteremko wa kutoka uwanda wa juu kwenda Masasi mvua ilikuwa imechimba mifereji ambayo ukiingiza gurudumu hulitoi kwa kupenda. Tatizo la kwanza nililolijua lilikuwa shokapu. Kila shimo lilipiga chini kama mtu anayegonga kwa nyundo. Baba alikaa kushoto kwangu, na mkono wake uliokufa, wa kulia, ndio ulikuwa upande wa gia. Mama aliufunga na kipande cha kanga kwenye mkanda wa suruali, lakini tukifika kwenye mawe fundo lililegea, mkono ukadondoka juu ya gia, mzito, wa moto. Nikitaka kubadilisha gia ilinibidi kwanza niushike mkono wa Baba, niuinue, niurudishe pajani kwake. Nilifanya hivyo safari nzima. Mwanzoni nilisema "Samahani, Baba" kila nikiugusa. Baadaye niliacha kusema.

Klachi nayo ilikuwa inateleza. Injini ilinguruma na gari halikwenda, hasa mlimani, na ndani kukawa na harufu ya kitu kinachoungua. Kisha gari lilikuwa linakula oili. Asubuhi ya safari niliinua boneti nikachomoa kijiti cha kupimia, nikakikuta kikavu, na nyuma yetu tuliacha moshi wa bluu uliowafanya watu wa baiskeli wafunike pua. Siku hizi gari langu likiwa na shida taa inawaka kwenye dashibodi, naenda kwa fundi anachomeka kompyuta, kompyuta inamwambia. Wakati ule fundi alisikiliza, akanusa, akakisia. Yule wetu aliitwa Fundi Dastani, mtu wa Tanga, mnene, mcheshi, mwenye karakana ya wazi kule Mkomaindo, jirani na hospitali. Nikishamwingiza Baba kwenye chumba cha mazoezi, nilimpelekea gari. Alipenda kusema zaidi ya kufungua. "Mwanafunzi wangu umekuja!" alikuwa akisema kila wiki, ingawa hakunifundisha chochote. "Leo mgonjwa wetu anasemaje?" Nami nilijua hamuulizi Baba.

Alikisia vibaya mara nyingi, na sikumchukia kwa hilo. Gari lilipoanza kuchemsha, alisema ni kifuniko cha rejeta, akaweka kingine. Likachemsha. Akasema ni themostati, akaitoa na kuitupa kwenye pipa, akaniambia kwa nchi yenye joto kitu kile hakina kazi. Likachemsha. Akabadilisha fenibelti. Halafu akagundua rejeta inavuja kwa chini, na kwa kuwa hakuwa na gesi ya kulehemu siku hiyo, alimtuma mkewe dukani kuleta bizari, akaimimina yote kwenye rejeta pamoja na maji. "Itaziba kwa ndani," alisema. "Hii dawa hata wazee wa zamani walitumia." Tukapanda kurudi Newala gari zima likinuka pilau. Katikati ya mlima Baba alianza kutikisika, nikasimamisha nikidhani anapata kifafa. Alikuwa anacheka. Nusu ya uso ilikuwa inacheka na nusu imelala. Nilimtazama, nikajua kwamba hapo ilipasa nicheke naye, nikaingiza gia ya kwanza tukaendelea.

Tatizo kubwa la kuchemsha lilikuwa maji. Asiyejua Newala atasema maji ni kitu cha kawaida. Sisi tulikunywa ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye tangi la ukuta, na tangi likikauka tulitegemea ya visima vya bondeni, chini kabisa ya ukingo wa uwanda, yanayopandishwa kichwani na wanawake au kwa madumu kwenye baiskeli. Kiangazi kile Mama alikuwa anafua mashuka ya Baba, anamwogesha, anapika, kwa maji ambayo baada ya kuoshea vyombo aliyamwagia mche wa mpapai. Na kila siku ya safari mimi nilichota dumu moja nikaliweka kwenye buti kwa ajili ya rejeta. Mama alisimama karibu na pipa akinitazama ninavyomimina. "Lile nalo linakunywa kuliko mgonjwa," alisema siku moja. Niliendelea kumimina. "Edina, nasema na wewe." "Nimesikia, Mama." "Umesikia, lakini unachota." Nilifunga dumu, nikatoka nalo.

Ilikuwa mwezi wa kupulizia salfa kwenye mikorosho. Mashamba yote kuanzia Makote yalikuwa na ukungu wa njano na harufu iliyoingia hadi kwenye chumvi. Mjomba alitoka shamba, nguo zikiwa na ule unga wa njano, akaja kumwona Baba. Alikaa naye kidogo, kisha akatoka uani alikokuwa Mama anapembua mbaazi. Mimi nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi.

"Dada," alisema, "huyu mtu hapati nafuu. Miezi inakwenda. Binti anaharibikiwa na ujana wake barabarani, gari linakufa, maji yanakwisha. Mazoezi gani hayo? Mpeleke shamba, kule Makote, akae kwenye mikorosho apate hewa."

Nilisikia mbaazi zikigonga ungo.

"Makote kuna nani wa kumshika mkono akamwambia vuta?" alisema.

"Akivuta inasaidia nini?"

"Haisaidii. Lakini siku ile akirudi analala. Siku nyingine halali. Analia, wewe hujui, analia bila sauti mpaka kunakucha. Akitoka Masasi analala kama mtoto." Akapembua tena. "Basi acha liyanywe hayo maji, hilo gari."

Nilikuwa nimeshika mfuniko wa sufuria. Mama hakuwahi kuniambia kwamba Baba analia, na mimi niliyelala chumba cha pili sikuwahi kusikia. Nilitegemea kitu kitokee ndani yangu. Nilifunika sufuria, nikaenda kupuliza vumbi la salfa litoke kwenye chujio la hewa la gari kama Fundi Dastani alivyonionyesha, kwa sababu kesho yake tulikuwa na safari. Nikiwa mama mwenyewe sasa, na umri wangu umeupita wa Mama mwaka ule, bado nauona ungo ule na mikono yake. Yeye naye alikuwa haoni chochote mbele, lakini alijua usingizi wa siku moja kwa wiki ni kitu cha kupigania.

Siku ambayo gari lilikufa ilikuwa mwanzo wa msimu wa korosho, mabibo yameanza kuoza chini ya miti na joto limekaa juu ya kila kitu. Tulikuwa tunarudi kutoka Masasi. Baba alikuwa amechoka, kichwa kimeegemea kioo. Tulipoanza kupanda, mshale wa joto uliondoka katikati ukaelekea juu. Nilishusha vioo, nikapunguza mwendo, nikazungumza na gari kimoyomoyo kama nilivyozoea. Kwenye kona iliyo katikati ya mlima kitu kilipasuka kwa mlio wa kukohoa, moshi mweupe ukafunika kioo cha mbele, na injini ikazima. Nilivuta breki ya mkono, nikashuka nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nikafungua boneti. Mvuke ulikuwa unafoka kutoka kila upande. Nilifikiri: maji. Niliwaza hilo tu. Dumu lilikuwa kwenye buti, nikalileta, nikachukua kitambaa nikakizungushia kifuniko cha rejeta, nikaanza kukigeuza.

"Ngoja!"

Niliacha mkono pale pale. Sauti ilikuwa nzito, ya shuleni, ile aliyokuwa akiitumia kunyamazisha darasa. Nilichungulia pembeni ya boneti. Baba alikuwa ameinuka kwenye kiti kwa nguvu ya mkono wa kushoto, amesogeza uso hadi karibu na kioo, jasho linamtoka. "Ngoja," alisema tena, polepole, akikagua kama neno bado lipo. Chini ya kitambaa kifuniko kilikuwa kinasukuma kiganja changu kama kitu kilicho hai. Fundi Dastani alishaniambia mara nyingi kwamba rejeta ikiwa ya moto haifunguliwi, itakubabua uso. Nilikuwa nimesikia, na siku ile nilikuwa nafungua. Niliondoa mkono. Nikaenda kukaa kwenye jiwe pembeni ya mlango wake, tukangoja, mimi na yeye, kama alivyosema.

Alipita mama mmoja anapanda kutoka kisimani, ndoo ya maji kichwani imefunikwa majani ili isimwagike.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmeharibikiwa?"

"Limechemsha. Maji yangu hayatatosha. Mama, naomba unisaidie kidogo."

Alitazama moshi, kisha akainama kidogo, ndoo ikiwa imetulia kichwani, akamwona Baba. "Huyu anaumwa?"

"Alipata kiharusi."

Aliishusha ndoo taratibu, akaondoa majani, akachota kwa kikombe cha bati, akampelekea Baba mdomoni mwenyewe. Baba alikunywa, mengine yakamwagika shingoni, yule mama akampa tena, na tena. Mimi niliinua dumu langu kumwonyesha. Akatikisa kichwa. "Haya ni ya mtu," alisema. "Nimetoka nayo mbali kwa ajili ya chuma? Hapana, mwanangu. Usinichukie." Akamsaidia Baba kupangusa shingo kwa ncha ya kanga yake, nikamsaidia kujitwika, akaendelea na mlima. Sikumchukia. Sikumjua jina na sikumwona tena, na kwa miaka mingi nimekuwa nikimkumbuka kuliko jamaa zangu wengi.

Lori lililokuwa linakwenda kuchukua korosho lilituvuta kwa kamba hadi nyumbani kabla jua halijazama. Mama alikuwa amesimama barazani. Watu walipomshusha Baba, mmoja akamvuta mguu vibaya, na Baba akasema, "Ngoja." Mama alikuwa ameshika mto wa kumwegemezea. Aliuweka mto ule juu ya meza, akaurekebisha, akaukagua kama umekaa sawa, halafu akaketi chini sakafuni palepale mlangoni, akajifunika uso na kanga. "Amesema," alisema ndani ya kanga. "Baba Beno amesema." Majirani wakaanza kumpigia vigelegele kana kwamba mtoto amezaliwa. Mimi niliingia ndani kuwasha moto. Nilisikia vigelegele kwa nyuma kama vinavyosikika vya harusi ya mtaa wa pili.

Neno lile lilibaki peke yake. Kijiko kikija haraka, alisema ngoja. Akitaka kwenda nje, ngoja. Mjomba akiaga, ngoja. Fundi Dastani alipanda basi akaja kuliona gari, akafungua injini uani kwetu, akanionyesha gasketi iliyopasuka na silinda hedi, kile kichwa cha injini, iliyopinda kwa joto. "Kumbe ni hili," alisema, bila aibu wala majivuno. "Tumezunguka kote." Akasema hedi ile haitafaa tena, atafutiwe nyingine ya mtumba Dar es Salaam. Beno akaahidi kuitafuta. Gari likakaa uani, boneti wazi, injini imefunikwa gunia. Safari za Masasi zikaisha. Lakini Baba alipenda kile kiti cha mbele, kilimshika mgongo vizuri kuliko kitanda, kwa hiyo jioni tulimtoa tukamketisha ndani ya gari lisilokwenda, mlango wazi, akitazama kuku na watu wanaopita. Wanafunzi wake walimwamkia kutoka njiani, "Shikamoo, Mwalimu!" naye akawajibu kwa neno alilokuwa nalo. Mama alileta kigoda akakaa karibu na mlango wa gari akimenya mabibo, na baadhi ya jioni zile walikaa kwa muda mrefu hata hawaniiti.

Alifariki mchana mmoja kabla ya Krismasi, kitandani, Mama akiwa anamgeuza. Kiharusi cha pili. Nilikuwa nimeenda kununua chumvi. Niliporudi niliona watu mlangoni, nikajua, nikakumbuka kuipeleka chumvi jikoni.

Msiba ulijaa. Wanawake walipika uani, masufuria yakizunguka lile gari pande zote, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi mtu alitandika mikeka hadi kwenye magurudumu. Nilipita na maji ya kunawa nikasikia wakisema chini kwa chini, "Yule binti hajatoa chozi. Na ndiye aliyekuwa naye barabarani mwaka mzima." Mama Zuhura, jirani yetu, akawajibu, "Mwacheni. Kila mtu ana siku yake." Nilimshukuru moyoni, ingawa sikuamini kwamba siku hiyo ipo.

Kesho yake baada ya maziko, Fundi Dastani alitokea. Hakuwa amepata habari. Alikuwa ameshuka kwenye lori, amebeba silinda hedi ya mtumba aliyotumiwa na Beno, imefungwa kwenye shuka kuukuu, na kapu la spana begani. Alifika hadi katikati ya uwanja ndipo akaona mikeka, watu wamenyamaza, Beno mwenyewe ananyolewa kichwa mlangoni. Alisimama pale, chuma kimembana tumbo, hajui akiweke wapi. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani, akamwona kupitia mlangoni, akatoka akiwa amejitanda nguo nyeusi.

"Pole, Mama Beno," alisema. "Pole sana. Sikujua. Sikuambiwa. Niondoke nayo? Nitarudi siku nyingine."

Mama alitazama ile hedi ndani ya shuka kana kwamba ni mtoto wa mtu.

"Umekuja nayo kutoka Masasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi funga," alisema.

Akafunga. Siku ile yote, watu wakiimba nyimbo za kanisani na wengine wakisonga ugali, Fundi Dastani alikuwa ameinama kwenye injini akikaza nati, polepole, bila kugonga, na kila spana ilipomponyoka akageuka kuomba radhi. Mimi nilimshikia kurunzi chini ya boneti. Nilikuwa sina kazi nyingine niliyoiweza. Jua lilipoelekea kushuka akaniambia niwashe. Gari liliwaka mara moja, sauti ikajaa uani, na wimbo ukakatika. Watu wote wakageuka kutazama kiti kile cha mbele, kushoto. Nikazima.

Wiki chache baadaye nafasi ya chuo ilitoka, Iringa. Nilimwambia Mama tukiwa tunakula. Alimaliza tonge, akanawa, akasema, "Kesho unifundishe gari." Nilidhani sikusikia vizuri. "Wewe unaondoka, Beno yuko mbali. Nikiugua sitaki kukaa nasubiri nani atafika. Nifundishe." Nikamwambia watu watasema, bado amevaa nyeusi. "Watasema," alikubali.

Kwa hiyo nilimpeleka kwenye uwanja wa mpira wa shule, na wanawake waliopita na kuni walisimama pembeni wakamtazama mjane akizunguka magoli. Alikuwa mwanafunzi mbaya. Aliiachia klachi ghafla, gari likaruka kama mbuzi. Alishika usukani kwa mikono miwili kama anayeshika kinu, na aliponisikia nikivuta pumzi alisema, "Usinishtue." Tangu hedi ibadilishwe halikuchemsha tena hata mara moja, lakini lilipata ugonjwa mpya: sailensa, ule mngurumo wa gari lililosimama, haikukaa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta tu, injini inazima. Fundi Dastani aliahidi kuja kurekebisha na hakuja. Mama akajifunza hivyo hivyo, kwamba gari haliwezi kusimama likangoja, lazima mguu uwe umekandamiza. Siku alipofanikiwa kuzunguka uwanja mzima bila kuzima, alicheka kwa sauti, mdomo wazi, nguo nyeusi imeanguka begani, kisha akashtuka kujisikia anacheka, akanyamaza. Akazunguka tena.

Asubuhi ya kuondoka alisema atanipeleka stendi mwenyewe. Alikuwa hajawahi kutoka nje ya uwanja na njia ya nyumbani. Niliweka begi na godoro kiti cha nyuma, nikakaa kushoto kwake. Aliendesha polepole mno, akiwapigia honi watu waliokuwa mbali, midomo yake ikitaja gia moja moja. Tulifika stendi basi likiwa limewashwa. Alikanyaga breki, akatoa gia, mguu mwingine akauacha kwenye mafuta, injini ikilia kwa nguvu hadi watu wakageuka.

"Shuka upesi," alisema. "Litazima."

Nilishusha begi, nikashusha godoro, nikazunguka hadi dirishani kwake. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha. Kwa ile kelele ningelazimika kuyapigia ukelele.

"Mama!"

"Eeh!"

"Nitaandika!"

"Eeh! Mlango wa nyuma hujaufunga vizuri!"

Nikarudi, nikaufunga. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaingiza gia. Gari likaruka, likatulia, likaondoka. Hakunipungia mkono, yote miwili ilikuwa kwenye usukani, wala hakugeuza shingo. Nilimwona akikunja kona ya soko, mgongo umenyooka, kilemba cheusi kimepinda upande, mwanamke peke yake kwenye gari, na sauti ya injini ikaendelea kusikika baada ya yeye kutoonekana, haikukatika, haikukatika, nami nilisimama nikiisikiliza na uso wangu wote umelowa, hata sijui ulianza kulowa saa ngapi.

Kondakta alikuja akachukua begi langu. "Dada," alisema, "wewe unasafiri au unasindikiza?"

Nilijifuta uso kwa kiganja.

"Nasafiri," nikasema.